Wapangaji wa Grenfell Walisema

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, friji ilishika moto jikoni kwa mpangaji mmoja wa ghorofa ya nne katika jengo la Grenfell Tower, magharibi mwa London. Mpangaji huyo alipiga simu zimamoto saa 6:54 usiku. Moto wa friji kwa kawaida huzimwa na kusahaulika. Huu ulipenya dirishani, ukadaka paneli zilizovishwa nje ya jengo mwaka mmoja tu nyuma, na ilipofika saa 7:30 ulikwishapanda hadi juu kabisa ya jengo hilo la ghorofa 24. Ngazi ilikuwa moja. Watu 72 walikufa, na watoto kati yao walikuwa 18.

Mengi yameandikwa kuhusu paneli zile, na yalistahili kuandikwa. Mimi nataka kusimulia upande wa vikao, barua na malalamiko, kwa sababu hapo ndipo penye funzo kwa kila anayekaa katika nyumba inayosimamiwa na watu asioonana nao. Wapangaji wa Grenfell hawakukaa kimya. Walisema, wakaandika, wakakusanya sahihi. Linaloumiza zaidi ni kwamba chombo kilichojitia pamba masikioni kilikuwa, kwa jina na kwa katiba yake, chombo chao wenyewe.

Mwaka 1996 halmashauri ya Kensington and Chelsea, iliyomiliki jengo hilo, ilikabidhi usimamizi wa nyumba zake kwa shirika lililojulikana kwa kifupi kama TMO, yaani shirika la usimamizi la wapangaji. Kanuni za mwaka 1994 zilikuwa zimewapa wapangaji wa halmashauri haki ya kuendesha mambo ya nyumba zao: kuajiri watumishi, kuita mafundi, kusimamia matengenezo. Kwingineko haki hiyo ilichukuliwa na mtaa mmoja au majengo machache, watu wanaojuana kwa majina na kukutana kwenye lifti. Hapa ilichukuliwa kwa wilaya nzima, nyumba zaidi ya 9,000, na TMO ikawa kubwa kuliko nyingine zote za aina yake Uingereza. Katika bodi walikaa wakazi, madiwani na wajumbe huru, wakazi wakiwa kundi kubwa kuliko mengine. Kwa maandishi, basi, mpangaji wa Grenfell alikuwa akijisimamia mwenyewe.

Kwangu mimi, kosa la kwanza lilikuwa hapo. Mpangaji mwenzako akiingia bodi ya nyumba 9,000, hawezi kujua ngazi yako inanuka moshi au mlango wako haufungi. Atajua kile ambacho ofisi imeamua kumwekea mezani. Anageuka mkurugenzi wa kampuni, analindwa na taratibu za kampuni, na nyie mliomchagua mnabaki na picha yake kwenye jarida la wapangaji.

Ukarabati mkubwa wa Grenfell ulianza kuzungumzwa mwaka 2012 na ulikamilika 2016. Jengo lingepata madirisha mapya, mfumo mpya wa kupasha nyumba joto, na vazi jipya la nje. Wapangaji waliitwa kwenye mikutano na kuletewa majarida. Lakini malalamiko yao yalianza hata kabla ya kazi yenyewe. Mei 2013 umeme ulicheza vibaya jengoni: vyombo vya watu viliungua, moshi ukatoka kwenye vifaa vya umeme. Walilia kwa wiki kadhaa kabla ya kuaminiwa kwamba hali ni ya hatari. Mwaka huohuo mwanasheria wa halmashauri alimwandikia mmoja wa wanaharakati wao barua ya kumwonya juu ya yale aliyokuwa akiyachapisha.

Kisha kuna jambo dogo la mashine za maji moto, ambalo naliona linaeleza kila kitu. Mfumo mpya ulihitaji mashine ndani ya kila nyumba. Wasimamizi walitaka ziwekwe kwenye korido, karibu na mlango wa kuingilia. Katika nyumba zile, korido ile ndiyo njia pekee ya kutokea. Mama mwenye gari la mtoto, mzee mwenye fimbo, wote hupita pale. Wapangaji walisema hawataki mashine pale, wakaeleza kwa nini. Jambo la namna hiyo halihitaji mhandisi. Linahitaji mtu anayeishi humo. Nani anaijua korido yako kuliko wewe unayeipapasa gizani? Hata hivyo waliolibishia jambo hilo walihesabiwa kuwa wakorofi wanaochelewesha kazi.

Mwishoni mwa 2015 wakazi wengi walitia sahihi ombi la kutaka uchunguzi huru juu ya namna ukarabati ulivyoendeshwa. Ombi lilifika kwenye kamati ya halmashauri. Aliyepewa kazi ya kuichunguza TMO akawa TMO yenyewe, kupitia bodi yake. Mlalamikiwa akawa hakimu. Yeyote aliyewahi kupigwa danadana kati ya ofisi na ofisi anajua jinsi mtu anavyotoka katika mlango wa namna hiyo.

Novemba 2016 Edward Daffarn, mpangaji wa ghorofa ya 16, pamoja na mwenzake katika kikundi cha wakazi, waliandika hadharani kwamba ni janga la kupoteza maisha tu litakalofichua uzembe wa TMO katika usalama wa wapangaji. Baada ya miezi saba janga lilifika. Daffarn mwenyewe aliponea chupuchupu katika moshi wa usiku ule.

Tume ya uchunguzi ya Sir Martin Moore-Bick, jaji mstaafu, ilitoa ripoti yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024. Ilisema vifo vyote vingeweza kuzuilika. Iliwabebesha lawama watengenezaji waliodanganya kuhusu bidhaa zao, serikali iliyopuuza maonyo, wasanifu na wakandarasi. Kuhusu TMO ilieleza uhusiano na wakazi uliojaa kutoaminiana, chuki na hasira, na kwamba shirika liliwaona baadhi ya wakazi kuwa wachochezi. Ripoti haikukana kwamba baadhi ya wapangaji walikuwa wagumu. Ilisema jukumu la kuutunza uhusiano ule lilikuwa la TMO, si la wakazi. Sentensi hiyo ingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya kukusanya kodi.

Lakini kuna ugunduzi mwingine. Tume ilikuta kwamba mkurugenzi mkuu wa TMO alikuwa na tabia iliyojirudia ya kutoifahamisha bodi na halmashauri mambo mazito ya usalama wa moto. Fikiri maana yake. Wakazi waliochaguliwa kuingia bodini, waliohudhuria vikao na kupitisha bajeti, hawakuonyeshwa jambo ambalo uhai wa majirani zao ulitegemea. Walikuwa na kiti, na kura pia. Karatasi ndizo walizokosa.

Na karatasi zilikuwepo. Mipango ya mwanzo ilitaja paneli za zinki. Baadaye zilibadilishwa zikawa za alumini zenye plastiki katikati, na nyaraka za mradi zinaonyesha akiba iliyotarajiwa: paundi 293,368. Plastiki ile ndiyo iliyoupandisha moto. Milango mingi haikuwa na kifaa kinachofanya kazi cha kuifanya ijifunge yenyewe, moshi ukamwagika kwenye korido na ngazi. Wakazi wenye ulemavu walikuwa 37 na kati yao 15 walikufa, kwa kuwa hakukuwa na mpango wa maana wa kumtoa mtu asiyeweza kushuka ngazi. Mpangaji aliyepewa orodha hiyo kwa lugha ya kawaida angeuliza maswali ambayo mtaalamu hakuyauliza: hiki kinaungua? Mama wa ghorofa ya 18 anayetumia kiti cha magurudumu atashukaje?

Mtu anaweza kusema Grenfell ni tukio la pekee. Tuondoke London twende Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Mtoto Awaab Ishak aliishi katika nyumba ndogo ya shirika la Rochdale Boroughwide Housing. Baba yake, mhamiaji kutoka Sudan, alilalamika tangu 2017 kwamba kuta zinaota kuvu. Aliambiwa apake rangi juu yake. Watumishi wa shirika waliamini kwamba familia ndiyo iliyoleta unyevu kwa namna yake ya kuishi na kuoga. Familia ilipokwenda kwa wakili mwaka 2020, mambo yakazidi kukwama, kwa sababu utaratibu wa shirika ulikuwa kutofanya matengenezo mpaka mawakili wakubaliane. Awaab alikufa Desemba 2020, siku nane baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022 ofisa wa mahakama anayechunguza vifo alitamka kwamba kilichomuua ni kuvu ile.

Shirika hilo nalo lilijitangaza kuwa la kwanza Uingereza kumilikiwa kwa pamoja na wapangaji na wafanyakazi wake. Baba wa Awaab alikuwa na haki ya kuwa mwanachama, kupiga kura, kuchagua wajumbe. Alichokosa ni fundi mwenye ngazi na chombo cha kutolea hewa.

Sheria zimebadilika tangu hapo, na wanaostahili shukrani ni manusura wa Grenfell na wazazi wa Awaab, ambao hawakukubali kuliliwa tu kisha kusahauliwa. Sheria ya mwaka 2023 ya kudhibiti nyumba za jamii ilimpa mdhibiti nguvu ya kukagua watoa nyumba wakubwa, wale wenye nyumba zaidi ya 1,000, na kuwapa madaraja. Tangu Aprili 2024 wanatakiwa kuonyesha jinsi maoni ya wapangaji yalivyoathiri maamuzi yao, si kuonyesha tu kwamba mkutano ulifanyika. Wanatangaza vipimo 22 vya utendaji, 12 kati yake vikitokana na kuwauliza wapangaji wenyewe. Lalamiko la kwanza lina siku 10 za kazi za kujibiwa, la rufaa siku 20, na mpangaji asiyeridhika anakwenda moja kwa moja kwa Ombudsman wa Nyumba bila kupitia kwa diwani. Sheria inayobeba jina la Awaab ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na kuvu ya hatari ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi.

Katika hayo yote, ninayoyaamini zaidi ni yale yenye saa na siku. Bodi, majukwaa, kamati za uangalizi, dodoso za maoni: zote ni njia halali za mpangaji kuingia, na pale watu wanapojuana zimefanya kazi nzuri sana. Lakini kila moja inaweza kugeuzwa geresha. Tarehe ya mwisho haigeuzwi kirahisi. Lalamiko lenye namba, jina la mtu anayepaswa kulijibu, na ofisi ya nje inayoweza kulichukua siku zikipita, hilo ni gumu kulikalia. Kadhalika mjumbe wa bodi aliyepewa haki ya kuona barua zote za kikosi cha zimamoto, bila kupitia kwa mkurugenzi, ni mjumbe wa kweli.

Nawaandikia wasomaji wa Kiswahili kwa sababu jambo hili liko mlangoni kwetu. Kenya inawakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara kujenga nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya mwaka 2024, na wanaozichukua wanaingia katika majengo marefu ambamo wengi wao hawajawahi kuishi. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba ndani ya jengo la pamoja inataka wamiliki wake waunde chombo cha kuliendesha. Nchini Tanzania, Shirika la Nyumba la Taifa limepangisha watu tangu 1962. Kila mahali kamati zitaundwa, wenyeviti watachaguliwa, mikutano itaitwa na chai itaandaliwa. Wale wanaoiandaa wengi wao watakuwa na nia njema kabisa. Hata Kensington walikuwapo wenye nia njema.

Basi wewe utakayealikwa kwenye kikao cha kwanza cha wakazi, usianze na rangi ya kuta wala jina la mwenyekiti. Omba nakala ya ukaguzi wa moto. Uliza nani atajibu lalamiko, kwa siku ngapi, na asipojibu unakwenda kwa nani nje ya ofisi hiyo. Uliza kama katika jengo yupo asiyeweza kushuka ngazi, na nani amepewa kazi ya kumfuata. Uliza kilichobadilishwa katika mkataba ili kupunguza gharama. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, usomewe kabla ya kuondoka. Na wakikuletea karatasi ya mahudhurio, andika kando ya jina lako kwamba umehudhuria, hujaidhinisha.