Babu wa Kuazima

Mjukuu wangu,

Juzi jioni ulipanda hapa Newala na simu mkononi, na kabla hata salamu hazijaisha ukaniambia ile familia ya jirani zenu kule Masasi imeambiwa ijiandae kurudishwa Msumbiji, na ninyi vijana mmeungana kuitetea. Nilifurahi. Kisha ukaniomba niseme kwamba babu wa mzee wa familia ile alizaliwa Mahuta, upande wetu huu, na mimi nilimfahamu. Nikanyamaza, ukadhani usingizi umenizidi. Sikuwa na usingizi. Nilikuwa natafuta namna ya kukukatalia bila kukuvunja moyo.

Usimtafutie mtu babu wa kuazima. Niliwahi kuona kijiji kimoja kikifanya hivyo, zamani kidogo. Mashahidi watatu walikaririshwa ukoo mzima kama watoto wa jando. Ofisa akawaita mmoja mmoja, akauliza jambo dogo tu: bibi mzaa baba wa huyu aliitwa nani, na kazikwa wapi? Yakatoka majina matatu na makaburi mawili. Familia ile iliondoka, na tangu siku hiyo hata tuliokuwa tunasema kweli hatukusikilizwa.

Halafu, kwani asili ya hao jirani zenu ina aibu gani? Masasi yenyewe unayojivunia, misheni yake ilianzishwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, Askofu Steere akiwaleta kutoka Unguja. Walikuwa njiani kurudi upande wa Ziwa Nyasa, wakaishia hapo, wakajenga. Ukiwachambua wenyeji wa Masasi kwa chekeche la wapi babu alizaliwa, sijui utabaki na nani wa kufungua soko.

Nami nimeona kwa macho yangu. Mwaka 1964, vita vya ukombozi vilipoanza ng'ambo ya Ruvuma, nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Usiku mmoja akaingia uani kwetu mama mmoja na mchi begani. Mchi tu. Kinu kilimshinda uzito, akakiacha huko Mueda. Mama yangu alimpa maji kwanza, na maji ya huku juu enzi hizo wewe huyajui: wanawake walikuwa wanashuka bondeni usiku wa manane na kupanda na ndoo moja jua likiwa limeshachomoza. Hakumuuliza katoka wapi, maana nembo za usoni zilikwisha kusema. Wamakonde wa ng'ambo tuliwaita Wamawia, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Asubuhi mama yangu akampa kinu chetu cha zamani. Mchi ule ulitwanga kwetu miaka kumi na moja, hadi Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975, mama yule akaubeba tena begani akarudi kwao.

Hao jirani zenu wao walikuja na vita vya pili, vya Renamo, na hawakurudi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe wanalo zaidi ya miaka thelathini. Kinachokosekana ni karatasi.

Kuna ndugu zetu Wamakonde wa Kenya, nataka uwajue. Wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kukata mkonge, wakakaa Kwale, na vizazi vikaishi bila kitambulisho: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, leseni ya uvuvi hakuna. Oktoba 2016 walifunga safari, wazee kwa vijana, kutoka Kwale hadi Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kuisha. Mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi ile. Sasa sikiliza vizuri. Hawakumwambia rais kwamba wao ni Wadigo. Walisema: tulitoka Msumbiji, tumefanya kazi hapa, tumezika hapa. Ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kuwaumbua.

Kwa hiyo anza na karatasi, kelele baadaye. Kaa na mzee yule mkekani, mwambie alete kila kitu: kadi za kliniki za watoto, daftari la shule, barua yoyote yenye mhuri wa kijiji. Mwambie asitegemee tu kwamba watoto walizaliwa hapa, maana ofisini wataulizwa habari za wazazi. Uraia wa tajnisi unadai mtu awe amekaa nchini miaka, awe na tabia njema, ajue Kiswahili au Kiingereza. Kwa Kiswahili, yule mzee atakufundisha hata wewe. Serikali yetu si ngeni kwa jambo hili: mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbilia hapa mwaka 1972.

Msiichanganye kesi yao na ya wanaokimbia vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, sasa. Hao ni waomba hifadhi, njia yao nyingine, nao wanapaswa kujitokeza mapema kwa mtendaji wa kijiji badala ya kufichwa ghalani. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao nchi yetu imo, unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari hata akiwa bado mpakani. Na bado mwaka 2021, kati ya Januari na mwanzoni mwa Juni, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliripoti watu zaidi ya 9,600 waliorudishwa kupitia Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja. Daraja tulilolishangilia mwaka 2010! Mimi naliona lile kuwa doa. Lakini usimtukane ofisa. Oktoba 2020 wauaji kutoka Msumbiji walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, huku kwetu, wakachinja watu na kuchoma nyumba. Hofu ya serikali haikutoka hewani, na ukijifanya huioni, hutasikilizwa.

Liko jambo moja linaloniuma, na hili lifanyie uchunguzi kimyakimya. Mgeni asiye na karatasi ana bei rahisi. Korosho zake huuzwa chama cha msingi cha ushirika kwa jina la mwingine, au kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, kabla msimu haujafunguliwa. Palizi analipwa nusu. Katika hao wanaokuja kwenye vikao vyenu wakilia, angalia nani ana shamba linalopaliliwa na familia ile. Mwambie kwanza alipe anachodaiwa, ndipo asaini orodha ya majirani wanaoitetea.

Na kama una picha za watoto wao kwenye simu, zifute leo hii, zisije zikawafichua.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu, umwombe barua ya kuthibitisha watoto wale wameanza darasa la kwanza mwaka gani. Kisha mwenyekiti wa kijiji, kisha mtendaji. Orodha ya majirani ikiwa tayari, niletee. Nitaandika kwamba nawafahamu, kwamba walitoka Msumbiji, na kwamba nataka wabaki. Jina langu liweke la kwanza.