Aliyebisha Hodi Kisha Akatoweka

Tuseme mtu amebisha geti. Soja anauliza, "Nani?" Kimya. Anachungulia nje, hakuna mtu. Anarudi kwenye daftari lake na kuandika: mwenye nyumba ameingia, apewe funguo zote.

Soja wa hivyo humpati Nairobi nzima, hata yule anayelala kazini. Ndani ya Linux alikuwepo, na alikaa miaka saba.

Anaitwa polkit. Ni huduma ya ndani ya mfumo endeshi, na kazi yake ni moja: programu ndogo ikiomba jambo kubwa, kwa mfano kufungua akaunti mpya kwenye mashine, polkit ndiye huamua kama mwombaji ana ruhusa. Ili aamue humwuliza D-Bus, tarishi wa mawasiliano ya ndani, "Huyu aliyetuma ombi ni nani?" Jibu huja kama namba. Mimi kwenye laptopu yangu ni 1000. Mkuu wa mashine, yule asiyeulizwa chochote, ni 0.

Mwezi Juni 2021, Kevin Backhouse, mtafiti wa usalama wa GitHub, alieleza shimo alilolikuta. Unatuma ombi, kisha unaiua programu iliyolituma kabla polkit hajamaliza kuuliza. Tarishi anarudi na kusema: huyo hayupo tena. Polkit huuliza swali hilo katika sehemu kadhaa, na nyingi zilijua la kufanya, yaani kukataa. Moja haikujua. Pale kosa lilipita kama jibu, na mwombaji akahesabiwa 0. Aliyetoweka akawa mkuu! Ndiyo maana ilibidi kujaribu mara kadhaa, ukiua mapema kidogo au ukichelewa kidogo, hadi uliguse lile swali moja. Amri zenyewe ni za kawaida, na ukifaulu una akaunti yako mpya yenye nguvu zote. Noma.

Nilisoma kompyuta miaka miwili kabla ya mimi na chuo kuachana (karo, stori ndefu), na dawa tuliyofundishwa ilikuwa fupi: ukiwa na shaka, kataa. Kwa polkit nakubali. Programu ikikataliwa itauliza tena sekunde inayofuata, na hakuna anayelala njaa.

Tatizo ni kwamba watu huichukua sheria hiyo na kuipeleka kwa binadamu kama ilivyo. Wanubi wa Kibra, ambao wazee wao waliletwa na jeshi la Waingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, walizoea kuitwa mbele ya kamati za kuhakikiwa walipotafuta kitambulisho. Leta cheti cha babu. Hakuna? Basi hatukujui. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilisema Kenya ilikiuka haki za watoto wao. Hapa hakuna mtu aliyepewa ufalme kwa bahati mbaya. Ofisi ilifuata somo letu la darasani: shaka, kataa.

Kwa hiyo mimi naona kosa la polkit na la ofisi ni ndugu, ingawa moja lilifungua mlango na lingine likaufunga. Wote wawili waliuliza swali, hawakupata jibu, na wakaandika jibu. "Sijui" haikupewa nafasi yake. Kwenye mashine iligeuka 0. Kwenye kaunta iligeuka "si Mkenya". Najua utaniambia serikali haiwezi kumpa kila mtu kitambulisho kwa sababu tu haijui. Sawa, siombi hivyo. Nauliza gharama ya kutojua inalipwa na nani wakati tunatafuta. Aliyeuliza swali ndiye mwenye mafaili, magari na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kiraka cha polkit kilikuwa kidogo mno kwa shimo la miaka saba: kabla ya kuiamini namba, angalia kama kulikuwa na kosa. Kijana wa Kibra, yeye, aliambiwa arudi wiki inayofuata na mzee wa kumshuhudia, na nauli ya wote wawili ilikuwa yake.