Tairi za Nyuma

Gari langu ni Land Cruiser pikapu, lile la kabini moja ambalo Kigoma utalikuta kwenye kila mradi na kila msiba. Linapakia dagaa Kibirizi, linapanda hadi Mwandiga, na hapo linachagua njia ya Kasulu au ya Manyovu. Likirudi halirudi tupu: maharage, mihogo mikavu, madumu ya mawese. Mwaka huu tairi zake nne zimefika mwisho, nami nikajikuta dukani, mbele ya ukuta wa mipira iliyopakwa dawa nyeusi ikang'aa, nikiwaza jambo nililodhani ni la madrasa.

Tairi ikipasuka, watu wakafa, ni nani aliyeamua?

Msibani jibu huwa liko tayari. Anasimama mzungumzaji, awe wa kanzu au wa kola, anasema siku zao zilikuwa zimefika, kazi ya Mungu haina makosa. Tunaitikia. Mimi pia naitikia, maana mfiwa anahitaji kitu cha kushika, na matanga si mahali pa ubishi. Ila mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, nimeshaona mchanga ukiuzwa ndani ya gunia, na sikio langu limezoea kusikiliza ni nani anayeitikia kwa sauti kubwa. Mwenye gari akiitikia kumshinda mfiwa, mimi hugeuka nikamtazama.

Kadari naiamini. Ni mtoto wa Ujiji, nilifundishwa nguzo sita za imani kabla sijajua kuhesabu hela, na ya sita ni hiyo, heri yake na shari yake. Ninachouliza ni mpaka: kwenye habari ya tairi, kadari inaanzia wapi? Msumari uliolala barabarani kule Kalinzi, uliodondoka kwenye lori la mtu nisiyemjua, huo nauweka upande wa Mungu bila shida. Lakini tairi kuukuu iliyofungwa kwenye gari haikudondoka popote. Ilichaguliwa, ikapatanwa bei, ikalipiwa mchana kweupe.

Tena umri wake uliandikwa. Dereva wangu, kijana wa Kasulu, ndiye aliyenionyesha.

"Mama, angalia mwisho wa hii DOT, hizi namba nne. Mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Hii 2316, wiki ya 23, mwaka 2016."

Zamani nilikuwa nabonyeza kashata za tairi kwa kidole gumba kama mnunuzi wa parachichi, nikiona nene naridhika. Sasa macho yanatafuta zile namba kabla sijauliza bei. Mpira unazeeka hata ukisimama. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike, magari mengi yaliyozoea kupakia Kibirizi yalishinda juani bila safari. Kashata hazikuisha hata kidogo, lakini jua halikuwa limefungwa; lenyewe liliendelea na kazi yake kwenye ubavu wa kila tairi.

Kuna namba nyingine, ya uzito, inakaa jirani na ukubwa wa tairi. Penye 112, tairi moja inabeba kilo 1,120. Penye 120, inabeba kilo 1,400. Tofauti ni kilo 280. Dumu la mawese la lita 20 lina kilo 18 hivi, kwa hiyo nazungumzia madumu 15 kwa kila gurudumu. Kwa mbali tairi hizo mbili ni mapacha, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Kwenye rundo la mitumba nilikuta hata zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ndani yake, mpira laini uliotengenezwa kwa barabara zenye barafu, umeletwa kuuzwa kando ya Ziwa Tanganyika. Nilicheka, muuzaji naye akacheka, lakini hakuziondoa.

Na tairi haipasuki ghafla. Ghafla ni ya anayesikia mlio. Yenyewe imeanza kufa kilomita nyingi nyuma: upepo mdogo, mzigo mzito, ubavu unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Mafundi pancha wengine hushauri jua likiwa kali utoe upepo kidogo ili tairi "ipumue". Ndiyo njia ya kuichemsha zaidi, kwa sababu tairi isiyo na upepo wa kutosha ndiyo inayojikunja sana. Nasimulia haya kwa urefu kwa sababu kila hatua hapo ina mtu aliyeweza kuikatiza, na hakuna hata moja inayomhitaji malaika.

Ukiwauliza watu wa dini watakupa kisa cha Bedui na ngamia, jinsi Mtume alivyomtaka amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Ni kisa kizuri, na kila hotuba ya usalama barabarani inacho. Kwangu hakitoshi. Ngamia alikuwa wa Bedui mwenyewe. Angepotea, hasara ni yake. Hakukuwa na mtu juu ya ngamia yule anayesubiri kufika Kasulu. Kwenye pikapu yangu wapo: dereva, utingo, na juu ya magunia, sheria ikikataza na sote tukijua, mama mmoja au wawili waliomwomba dereva lifti na ndoo zao. Hawaijui DOT. Dukani hawakuwepo. Roho yangu mimi naweza kumkabidhi Mungu nikaacha kila tahadhari. Nitakuwa walii au mpumbavu, hilo ni kati yangu na Yeye. Roho ya mama yule wa kwenye magunia sina ruhusa ya kuikabidhi kwa niaba yake ili mimi nipunguziwe bei.

Kisa kinachonikaa ni cha Khalifa Umar. Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akasikiliza wakibishana, ndipo akatangaza kurudi. Abu Ubayda, sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Wahubiri hupenda utamu wa jibu hilo. Mimi najali zaidi kwamba alikuwa na watu nyuma yake, na kwamba hakumwachia Mungu kazi ya kuugeuza msafara.

Na ipo aya ya 92 ya Surat an-Nisaa, ambayo msibani siisikii. Inamzungumzia aliyeua kwa kukosea. Hakukusudia, wala hakuna anayesema alikusudia. Hata hivyo anatakiwa kumwacha huru mtumwa, na kuwalipa diya jamaa za marehemu isipokuwa wakisamehe, na asiyepata wa kumwacha huru afunge miezi miwili mfululizo. Siku ya marehemu ilikuwa imefika, sawa, na bado mtu anadaiwa. Dini ileile iliyonifundisha kadari ndiyo inayonifungulia daftari la deni.

Dereva wangu ni Mkatoliki, na alilimaliza suala hili upesi kuliko mimi, akiwa chini ya gari na spana mkononi.

"Mama, Yesu mwenyewe Shetani alimwambia ajirushe toka juu ya hekalu, malaika watamdaka. Akakataa. Sisi tunajirusha na vipara kila siku, halafu tunaimba njiani."

Pesa ilitosha tairi mpya mbili. Nyingine mbili zingesubiri dagaa wa mwezi unaofuata. Ndipo ukazuka ubishi wa kweli. Fundi alitaka mpya zifungwe mbele. "Mama, mbele ndiko kwenye usukani. Ikipasuka ya mbele mmekwisha." Utaisikia kauli hiyo gereji zote kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Watengenezaji wa tairi wanashauri kinyume chake: ukibadilisha mbili tu, zilizo bora ziende nyuma, kwa sababu nyuma ikipoteza mshiko gari linazunguka lenyewe na usukani hauna la kusaidia. Pikapu ikishapakia, tena, uzito karibu wote wa mzigo unakaa kwenye ekseli ya nyuma. Nilimweleza. Hakukubali, na nadhani najua kwa nini. Tairi za mbele ziko karibu na miguu ya dereva na mwenye gari, tunazisikia, tunaziogopa. Za nyuma ziko chini ya watu wengine. Hata woga wetu una kabini. Nilisimama pale mpaka zikafungwa nyuma.

Jioni za baada ya mvua, vumbi likiwa limetulia, ukiwa ufukweni Kibirizi unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Nikiitazama nakumbuka tairi zilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alitengeneza tairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ulaya ikataka mpira, na sehemu ya mpira huo ilitoka kwenye Dola Huru ya Kongo, mali binafsi ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908. Haikuwa kwenye milima hii tunayoiona, ilikuwa mbali zaidi magharibi, kwenye misitu ya bonde la Mto Kongo. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha utomvu, wake zao wakishikwa mateka, mikono ikikatwa. Na Stanley, ambaye watalii huenda Ujiji kuona mahali alipokutana na Livingstone mwaka 1871, ndiye aliyemfungulia Leopold njia. Sisemi kwamba aliyenunua baiskeli Dublin alikata mkono wa mtu. Nasema tairi tangu utoto wake imezoea kwamba anayestarehe na anayelipa ni watu wawili, na wa pili haulizwi.

Nimeambiwa na mwenzangu wa sokoni kwamba haya ni maneno ya mwenye nacho. Kuna kijana wa Noah anayelisha nyumba nzima kwa gari moja; umwambie habari ya wiki ya 23? Ni kweli, na Mungu haibebeshi nafsi kuliko uwezo wake. Lakini uwezo nao unapimwa kwa vipimo vingi kabla ya kufika kwenye bei ya tairi. Upepo wa kutosha haumshindi mtu. Kupunguza abiria wawili kunauma, hakuui biashara. Mwendo mdogo kwenye mteremko ni bure. Mtu akishayafanya hayo yote na bado hana tairi nzuri, huyo akisema "namwachia Mungu" mimi nitasema amina pamoja naye, kwa moyo. Wengi wetu tunaanza na amina.

Akina mama wa lifti je? Niliwahi kumwambia mmoja, wakati zile za zamani bado ziko garini, kwamba tairi hizi si za kuaminika. Akanijibu, "Twende tu dada, Mungu yupo," akapanda. Kwa muda nilidhani ameniondolea mzigo. Halafu nikakumbuka kwamba jua lilikuwa linazama, ana mgonjwa Kasulu, na barabarani halikuwepo gari jingine. Ridhaa ya namna hiyo siwezi kwenda nayo kwa Mola wangu na kusema huyu hapa alikubali.

Mwezi uliofuata zikafungwa mpya nyingine mbili, zikabaki zile nne za zamani. Mbili kati yake kashata zilikuwa bado zinapendeza. Ubavu ndio uliochoka. Fundi alizitazama, akazipangusa, akataja bei ya kuzinunua ambayo sikuitarajia. Zingepakwa dawa, zingeng'aa, zingeuzwa kwa mwenye gari la abiria asiyejua kusoma namba nne. Kuna hadithi ya Mtume kuingiza mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, na alivyomkemea muuzaji. Muuza dagaa yeyote anaijua, tunaisomeana sisi kwa sisi. Nikamwambia siuzi.

"Mama," akasema, na hakuwa anatania, "yule mwenye Noah atafunga mbovu kuliko hizi. Zako zingekuwa nafuu kwake. Umemsaidia nini?"

Nililifikiria hilo siku nyingi, na silioni tundu lake. Huenda kweli nimemwacha kijana yule na hatari kubwa zaidi ili daftari langu mimi liwe safi, na usafi wa namna hiyo ni jambo la kutiliwa shaka. Hata hivyo nilimwambia fundi azitoboe ubavuni nikiwa naona. Mbili zimeenda kwa mtengeneza katambuga, moja inaning'inia ubavuni mwa mtumbwi wa shemeji yangu kuzuia usigongane na gati, na ya nne fundi aliidai iwe ujira wa kuzitoboa.