Picha ya Tatu

Stima zilipotea mtaani jioni moja, na kwa sababu simu yangu ilikuwa na chaji, nikaamua kumfundisha kakangu mdogo kuona nebula ya Orion ikielea hewani. Picha huwa mbili, bega kwa bega, karibu zifanane. Hauhitaji miwani yoyote. Unaweka kidole katikati ya uso na simu, unakikodolea, halafu bila kuondoa macho pale unaanza kuzingatia picha zilizo nyuma yake. Zinagawanyika, zinakuwa nne. Unasogeza kidole polepole hadi zibaki tatu. Ile ya katikati haiko kwenye simu. Ubongo wako ndio umeitengeneza, na ina kina: nyota nyingine zimekaribia pua yako, vumbi jeusi linaning'inia mbele ya gesi inayong'aa, na nyuma yake kuna shimo unaloweza kutumbukia.

Mimi ilinichukua siku tatu na kichwa kuuma. Yeye nilimpa dakika ishirini.

"Unaona?"

"Bado."

"Jaribu tena. Legeza macho."

Mwishowe akasema, "Eeh, nimeona. Noma sana." Nikafurahi kama mwalimu.

Wiki kadhaa baadaye, tukinywa chai kwa mathe, akaniambia hakuwa ameona kitu. "Nilichoka tu kuambiwa nijaribu tena, bro."

Nilikasirika, kiukweli. Kisha nikakumbuka kitu ambacho sikupaswa kusahau: huyu alikuwa na makengeza tangu utotoni. Alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka tisa, macho yakanyooka, na sisi tukadhani mambo yameisha. Lakini macho yasipoelekea mahali pamoja katika miaka ya mwanzo, ubongo huzoea kupuuza picha ya jicho moja, na ule uwezo wa kuunganisha picha mbili kuwa moja yenye kina huenda usikue kabisa. Kumwambia alegeze macho ilikuwa kama kumwambia mtu asiyesikia atege sikio vizuri.

Basi alinidanganya. Ila nilipoenda kutafuta jinsi zile picha zinavyotengenezwa, nikakuta si yeye peke yake.

Macho yetu yameachana kwa takriban sentimita sita, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inatupa kina cha vitu vya karibu. Kwa nyota inabidi uachanishe "macho" zaidi. Mwaka 2020 chombo cha New Horizons, kikiwa karibu kilomita bilioni 7 kutoka hapa, kilipiga picha ya Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua. Picha hizo zikiwekwa kando ya zile zilizopigwa kutoka duniani, nyota hiyo inaonekana imesogea. Hicho ni kina cha kweli. Lakini nebula ya Orion iko zaidi ya mara 300 ya umbali huo. Hakuna aliyewahi kuipiga picha kutoka pembe mbili zilizoachana vya kutosha kuonyesha gesi yake ikielea hivyo.

Kwa hiyo picha ya pili hutengenezwa. Mfini J-P Metsävainio amefanya kazi hii kwa miaka mingi. Anachukua umbali wa nyota uliopimwa, anafikiria nuru ya nyota inavyosukuma gesi, anajua kwamba vumbi jeusi lazima liwe mbele ya mwangaza ndipo lionekane, kisha anakadiria yaliyobaki. Na anasema wazi kuwa humo kuna sayansi na ubunifu wake pia. Hapo sioni uongo. Aliyesema "hivi ndivyo ilivyo" ni mimi, usiku ule, kwa sauti ya mtu aliyefika.

Kuna rafiki aliniambia haina maana kusumbuka, eti kina chote hutengenezwa kichwani, hata cha kikombe mezani. Sikubali. Kikombe nikikosea umbali wake, chai inamwagika na nitajua. Kwa nebula hakuna chai ya kumwagika. Ndiyo maana aliyeitengeneza anadaiwa maneno kuliko mpiga picha wa kawaida, na mimi ninayeisambaza nadaiwa pia. Kakangu alisema uongo kuhusu macho yake mwenyewe, baada ya mimi kumnyima jibu lingine. Nikipima, deni kubwa liko kwangu.

Nilimwomba msamaha Januari, juu ya ruufu, mahali tunaanika nguo. Chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuna doa hafifu, ukibahatika taa za mtaa zikiwa zimezima. Ndiyo hiyo nebula.

"Hapo wewe unaona nini?" akaniuliza.

"Doa tu. Limebandikwa."

Akacheka. "Hata mimi."