Dawa Yangu, Haki Yangu?

Mtu akinunua vidonge vya antibiotiki kwa fedha yake halali, akavimeza nyumbani mwake apendavyo, je, amemkosea nani? Wengi hujibu: hakuna. Sisi twaona sivyo, na ushahidi wetu twautoa kwa panya wa London.

Mwaka 1928 Frederick Griffith alikuwa akichunguza viini vya kichomi. Vilikuwa vya namna mbili: vyenye ganda, ambavyo huua panya, na visivyo na ganda, ambavyo haviwadhuru. Aliviua vile vikali kwa joto, akavichanganya na vile vipole vilivyo hai, akawadunga panya. Panya wakafa, na katika damu yao akakuta viini vikali, tena vizima! Vipole vilikuwa vimerithi ukali wa maiti. Mwaka 1944, huko New York, Oswald Avery na wenzake Colin MacLeod na Maclyn McCarty walionyesha kwamba urithi huo ni DNA. Kiini huivuta DNA iliyoachwa nje, hubakiza uzi mmoja katika nyuzi zake mbili, na kuushona ndani ya jeni zake mwenyewe. Tangu hapo wazao wake huwa nao.

Basi vinywani mwetu hukaa bakteria wapole, jamaa za viini vya kichomi, wasiotuudhi. Mtu amezapo penisilini kwa ajili ya mafua (ambayo haisikii penisilini hata kidogo, maana huletwa na virusi), bakteria walio dhaifu hufa, na wenye kuistahimili husalia na kuongezeka. Nao wataalamu wamegundua kwamba viini vya kichomi vimeokota kwa jamaa hao vipande vya jeni vya kuishinda penisilini. Watoto huvibeba viini hivyo puani, wakaambukizana kwa chafya.

Ni kweli, hakuna awezaye kumtaja aliyeumizwa. Lakini atiaye sumu kisimani hakosi hatia kwa kuwa hamjui atakayekuja kuteka.

Walakini hatuwapimi wote kwa kipimo kimoja. Mama aliye mbali na zahanati, mwanawe akiungua homa usiku, hutumia alicho nacho, nani atamlaumu? Mwenye duka agawaye vidonge vinne vinne bila cheti, huku akijua, ni mwingine. Na baba ambaye zahanati i karibu naye, ila achukia foleni tu, huyo twamwona yu karibu zaidi na mwenye duka kuliko na yule mama.