Je, Arudiye Ukingoni mwa Mto ni Mwoga?

Liko neno moja ambalo sisi sote hulitumia upesi, nalo ni neno "mwoga". Mtoto akisita kupanda mwembe, wenziwe humwita mwoga. Mtu mzima akikataa kuingia mtumbwini siku ya upepo, huitwa vivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini. Leo napenda tulipime neno hili, tuone kama twalitia mahali pake. Nami nitatwaa mfano wa nchi ya mbali, kwa maana mambo ya mbali mara nyingi hutuonyesha ya karibu.

Katika Marekani, upande wa magharibi, katika jimbo la California, iko safu ya milima iitwayo Sierra Nevada. Urefu wake toka kaskazini hata kusini wapata kilometa 640, na kilele chake kikubwa, Mount Whitney, kina meta 4,421. Kilimanjaro yetu yaipita kwa meta 1,474. Lakini theluji ya Kilimanjaro hukaa juu kileleni, na ile ya Sierra Nevada wakati wa baridi hufunika milima na mabonde ya juu pia. Kwa kawaida hufika upeo wake karibu na mwanzo wa Aprili. Kisha jua la Mei, Juni na Julai huiyeyusha, na maji yake hushuka kwa vijito na mito.

Watu wengi hupenda kutembea katika milima hiyo kwa miguu siku nyingi, wakichukua mgongoni hema, chakula na mfuko wa kulalia. Hawaendi kuuza wala kununua. Waenda kuona uzuri wa nchi na kupumzisha mioyo yao. Njia moja yenye sifa, John Muir Trail, ina urefu wa kilometa 340 hivi, nayo hupita katika milango mirefu ya milima. Ule uitwao Forester Pass una meta 4,009. Aendaye mwezi wa Agosti kwa kawaida hukuta njia i wazi na vijito vimepungua. Aendaye Juni, hasa mwaka wa theluji nyingi, hukuta milango imefunikwa na vijito vimejaa.

Labda utauliza, Kwa nini basi asingoje Agosti? Sababu ziko. Serikali hutoa ruhusa kwa hesabu, na watu huziomba miezi mingi kabla. Mwingine likizo yake ni Juni, wala bwana wake wa kazi hatambadilishia. Wengine wamo katika safari ndefu ya kilometa 4,260 hivi, toka mpaka wa Mexico hata mpaka wa Kanada, nao wakikawia kusini, baridi itawakuta kaskazini. Kwa hiyo wasiende kwa upumbavu tukawahukumu. Waenda kwa haja, kama sisi twendavyo wakati wa masika kwa haja zetu.

Sasa, mwenye akili hujiandaaje? Kwanza hutaka kujua wingi wa theluji ya mwaka ule. Hapa napenda kuwatajia mwalimu mwenzetu, James Church, aliyefundisha Kilatini katika chuo kikuu cha Nevada. Katika mwaka 1895 aliupanda mlima Mount Rose wakati wa baridi, na tangu hapo akavutwa sana na mambo ya theluji. Mwanzoni mwa karne ya 20 akatengeneza bomba la chuma lenye meno chini, la kusukumiwa ndani ya theluji hata lifike ardhini. Bomba likitolewa na theluji yake, hupimwa kwa mizani; uzito ndio uonyeshao ni maji kiasi gani yaliyomo. Kwa maana theluji mbili za kimo kimoja zaweza kuwa moja nyepesi na moja nzito, na macho hayawezi kuzitofautisha. Hata leo theluji ya nchi ile hupimwa kwa bomba la namna hiyo, pamoja na vyombo vipya.

Vipimo hivyo vyafundisha jambo kubwa. Mwanzo wa Aprili mwaka 2015, theluji ya California ilikuwa sehemu 5 tu kwa 100 za kawaida yake. Mwanzo wa Aprili mwaka 2023 ilizidi kawaida mara mbili na zaidi. Basi mtu aliyepita mahali fulani tarehe 15 Juni mwaka mmoja pasipo kulowa magoti, mwaka mwingine, tarehe iyo hiyo, aweza kukuta maji ya kumfika kifuani. Kalenda haijui theluji. Asemaye, "Mimi nalipita hapa, najua," labda ajua mwaka wake tu. Wazee walisema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Pili, msafiri huyo hupima saa za siku. Usiku theluji huganda, na asubuhi ni ngumu. Mguu haudidimii, ila huteleza, naye huhitaji shoka la barafu mkononi na meno ya chuma chini ya viatu. Baada ya adhuhuri hulainika, na mtu huzama hata mapajani kila hatua. Vijito navyo vina saa zake: jua la mchana huyeyusha theluji ya juu, maji huchukua muda kushuka, na kwa hiyo kijito hujaa jioni, kikapungua alfajiri. Hivyo mlango wa mlima wataka asubuhi, na kijito nacho chataka asubuhi, na asubuhi ni moja tu. Ndipo mwenye busara hukaa nyumbani na ramani yake, akapanga mahali pa kulala kila usiku ili asikifikie kijito kikubwa saa kumi ya jioni. Na chakula hutia cha siku mbili zaidi, apate kungoja au kurudi.

Tatu, hujifunza namna ya kuvuka. Hatafuti mahali pembamba, kwa kuwa pembamba maji hukimbia. Hutafuta mahali papana, maji yanapotawanyika na kupunguza mwendo, hata akitembea saa nzima ukingoni kupatafuta. Hutazama na chini ya kivuko, kama kuna maporomoko au magogo ya kumnasa. Hulegeza mikanda ya mzigo, aweze kuutupa akianguka. Wala hajifungi kamba mwilini, maana kamba yaweza kumshika chini ya maji. Tena akumbuka ya kuwa mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Na maji ya theluji huikaza mikono na miguu kwa baridi upesi sana. Juu ya hayo yote, hukusudia kabla ya kutoka nyumbani: "Nikikuta hali hii na hii, nitarudi."

Hayo si maneno matupu. Mwaka 2017 theluji ilikuwa nyingi, na katika mwezi wa Julai wasafiri wawili wanawake, waliotoka nchi za ng'ambo kuja kutembea njia ndefu ile, walikufa maji katika mito ya Sierra Nevada, kila mmoja mahali pake. Siwataji ili kuwalaumu. Aliye ukavuni asimhukumu aliye majini. Nawataja tujue ya kuwa swali letu ni la uhai na mauti.

Sasa nirudi kwetu, na kwangu mimi mwenyewe. Mwaka mmoja wakati wa masika naliongoza watoto sita kwenda mashindano ya kuimba, ng'ambo ya mto. Tulipofika ukingoni, maji yalikuwa mekundu na yenye sauti, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha milimani. Nalisimama, nikatia fimbo, nikaona yavuta. Nikasema, "Turudi." Mtoto mmoja, aliyekuwa amejifunza wimbo wake miezi mitatu, alilia njia nzima. Jioni tukasikia ya kuwa mtu mmoja mwenye ng'ombe alivuka baada yetu, akafika salama. Ndipo watu wakacheka, na neno lile "mwoga" likanifuata muda mrefu.

Nalifikiri sana jambo hili. Afaye maji, watu wote husema, "Kumbe angalirudi!" Bali arudiye hana shahidi. Hatari aliyoiepuka haikuonekana, wala hawezi kumwonyesha mtu yeyote maiti ambayo haikuwako. Ndiyo sababu methali yetu yasema, Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengi huitumia kwa kumcheka mwoga. Mimi naona yatuuliza, Wataka kipi kisikike nyumbani mwako? Tena yule mwenye ng'ombe kufika kwake salama hakuthibitishi ya kuwa alifanya vema. Mtu akirusha jiwe gizani lisimpige mtu, hakuwa na shabaha. Alikuwa na bahati.

Walakini nisijipe sifa kupita kiasi, kwa maana liko jambo la pili. Mto ule hujaa kila masika, nami nalijua. Ningaliweza kuwavusha watoto siku moja kabla, tukalala kwa ndugu zetu ng'ambo. Sikufanya hivyo, nalipanga kama kwamba mto haupo. Basi sikukosa ukingoni, nalikosa nyumbani. Machozi ya mtoto yule hayakutoka kwa woga wangu, yalitoka kwa uvivu wangu wa kufikiri mapema.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu. Woga na busara, ukizitazama ukingoni, zina sura moja: zote mbili zageuza kisogo. Huwezi kuzipambanua pale. Yakupasa kutazama nyuma, kabla ya safari. Mwoga hakupima kitu; aliona maji akakimbia, na kesho atakimbia hata kijito cha vifundoni. Mwenye busara alipima theluji, alipanga saa, alitafuta kivuko juu na chini, na mwisho akalitimiza neno alilojiwekea moyo ulipokuwa mtulivu. Maana ukingoni moyo si mtulivu: mwenzako amevuka, chakula chapungua, ruhusa yaisha, nawe waona haya. Haya imeua watu wengi kuliko woga.

Mtu atasema, "Uhai ni wangu, nikiutupa majini ni shauri langu." La, ndugu yangu. Ukichukuliwa na maji, wako watakaoingia kukutafuta, na wao wana watoto. Tena mwenzako dhaifu aliye nyuma yako atakanyaga ulipokanyaga. Atanguliaye huvuka kwa miguu yake na kwa miguu ya wamfuatao.

Mwingine atasema, "Mwalimu, ukitufundisha kurudi, hatutakwenda popote." Nami najibu, Nendeni! Milima haikuumbwa itazamwe kwa mbali tu. Lakini panga nyumbani, pima njiani, na ukirudi, rudi umepima. Kisha mwezi ujao, maji yapunguapo, nenda tena. Mtoto yule aliimba mwaka uliofuata, nasi tulilala ng'ambo usiku wa kuamkia siku ile.