Adabu za Makundi ya Mtandaoni kwa Wapenzi wa Nyuki, Samaki na Wanyamapori wa Katavi

Kundi la mtandaoni la wapenzi wa jambo fulani huwakutanisha watu wasiojuana kwa sura wala kwa ukoo. Kinachowaleta pamoja ni kitu kimoja wanachokipenda: nyuki, samaki wa mapambo, ndege, picha za wanyamapori, bao, bustani. Mkazi wa Mpanda, mkoani Katavi, mwenye simu janja na bando la siku anaweza kuongea na mfuga nyuki wa Inyonga, mpiga picha wa Arusha na mfuga samaki wa Ujerumani kabla hajanywa chai. Kwa kuwa hawajuani, hakuna mzee wa ukoo wala mjumbe wa nyumba kumi wa kumkanya anayekosea. Adabu yao inabidi itoke mahali pengine, nayo hutoka kwenye kile kilichowakutanisha. Anayempenda nyuki kwa dhati hasemi uongo juu ya nyuki, na anayempenda tembo hatangazi mahali tembo alipo. Nasaha zote zinazofuata zimeota kwenye shina hilo.

Hamu ya kuungana na watu wa mbali si ngeni Tanzania. Kabla ya simu janja kulikuwa na wapenda salamu, walionunua kadi, wakajaza majina ya watu wa Sumbawanga, Kigoma na Tabora ambao wengine hawakuwahi kuonana nao, kisha wakazituma redioni zisomwe. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ya Deutsche Welle mwaka 1963, na wasikilizaji wa redio wakaunda vilabu vyao hadi vijijini. Lakini kati ya mtumaji na msikilizaji alikaa mtangazaji, na neno baya likaishia mezani kwake. Mtandaoni hakuna meza hiyo. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, la Telegram watu 200,000, na ujumbe ukishatumwa umeshawafikia wote. Kazi ya kuchuja aliyokuwa nayo mtangazaji sasa ni ya kila anayeandika.

Anayeingia kwenye kundi hupiga hodi. Husoma kanuni zilizobandikwa juu, hukaa siku chache akisikiliza, halafu hujitambulisha kwa maneno machache: jina analopenda kuitwa, anakotoka, na anachokipenda. Salamu ni lazima, ila kundini ina namna yake. Mtu akiandika "Habari za asubuhi" peke yake kisha akanyamaza, na watu mia tatu wakamjibu mmoja mmoja, swali la maana lililoulizwa usiku huzama chini na mwenye swali hukata tamaa. Salamu na haja viende katika ujumbe mmoja, na wachache wakishaitikia inatosha. Katika kuitana, "ndugu" na "wanakundi" hazimkosei mtu. "Dogo" na "mdogo wangu" zingoje mpaka umri ujulikane, maana nyuma ya picha ya ua la waridi huenda yupo bibi mwenye wajukuu, aliyefuga nyuki tangu kabla ya muulizaji kuzaliwa.

Kuuliza ni fani, na kundi la wafuga nyuki ni mfano mzuri. Wilaya ya Mlele, na hasa Inyonga, inajulikana kwa asali ya misitu ya miombo, na humo wapo wazee wanaotundika mizinga ya magome juu ya miti, na vijana wanaotumia mizinga ya masanduku. Mgeni akiandika tu "Nyuki wangu wamehama, shida nini?" hawezi kujibiwa, kwa sababu nyuki wa Afrika huhama kwa mambo mengi: ukame, maua kwisha, siafu, moto wa msituni, moshi uliozidi wakati wa kurina, au mwenye mzinga kuufungua kila wiki kwa shauku ya kutazama. Swali lenye heshima hutaja mzinga ni wa aina gani, umetundikwa au umewekwa chini, uko juani au kivulini, maji yako umbali gani, nyuki waliondoka mwezi gani, na kama waliacha masega yenye asali au matupu. Muulizaji wa namna hiyo ameshafanya nusu ya kazi, na mzee wa Inyonga atamjibu kwa furaha. Akishajibiwa na kujaribu, arudi aseme matokeo, hata kama ushauri haukufaa. Ni deni ambalo wengi hulisahau, na bila kulipwa kundi hubaki na rundo la ushauri ambao hakuna ajuaye kama unafanya kazi.

Anayejibu naye ana adabu yake. Asiyejua hanyamazi kwa aibu. Hunyamaza kwa sababu jibu la kubahatisha linaweza kuua. Kosa la maarifa husahihishwa mbele ya wote, kwa upole, kwa kuwa wapo wasomaji kimya ambao wangelifuata. Kosa la tabia, kama ukali au majivuno, husahihishwa faraghani. Watu wengi hufanya kinyume: humvunjia mtu heshima hadharani, na uongo wenyewe wakauacha upite.

Wapenzi wa samaki wa mapambo wanafaa kutazamwa kwa karibu, maana hapo Katavi inajulikana duniani kwa namna ambayo watu wengi wa Mpanda hawajaisikia. Ikola ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Tanganyika. Kwenye miamba ya pwani hiyo anaishi samaki mdogo wa jamii ya Tropheus, mwenye mwili mweusi na mshipi mpana wa manjano ubavuni. Huko Ulaya, Marekani na Japani wafugaji humweka katika matangi ya kioo sebuleni na humwita kwa jina la kijiji, "Ikola". Tropheus hukwangua mwani kwenye mawe na hapendi kuvuka eneo la mchanga lililo wazi, kwa hiyo kila sehemu ya miamba imezaa samaki wa rangi yake. Jike hulea mayai na vifaranga mdomoni kwa muda wa karibu mwezi mzima. Tropheus akilishwa chakula chenye nyama nyingi, utumbo wake huugua na kundi zima tangini linaweza kufa kwa siku chache.

Kwa sababu hiyo, katika makundi ya wafugaji hawa kosa kubwa kuliko tusi ni kusema uongo juu ya asili ya samaki. Anayechanganya Tropheus wa pwani mbili, wakazaana, kisha akawauza kama "Ikola" halisi, huharibu ukoo ambao wenzake wameutunza kwa miaka, na hakuna wa kuurudisha. Mkazi wa Ikola au Karema akijiunga na kundi kama hilo ana kitu ambacho mfugaji wa Hamburg hana: anayaona maji yenyewe, anajua yanachafuka mwezi gani, wavuvi wanapitisha nyavu wapi, na mwani umepungua mwaka gani. Asijione mdogo kwa sababu Kiingereza chake kina makosa. Aandike kwa Kiswahili na kutumia programu ya kutafsiri, au aeleze kwa sentensi fupi na picha. Wenyeji wa kundi nao wasimgeuze wakala wa kuwatafutia samaki. Kusafirisha samaki hai nje ya nchi kunahitaji vibali, na ombi la "nitumie wachache tu" humweka mtu hatarini kwa starehe ya mwingine.

Nasaha nzito kuliko zote inawahusu wapenzi wa wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Kiangazi, Mto Katuma unapobaki madimbwi, viboko husongamana kwa mamia kwenye matope, mamba hujificha katika mapango ya kingo, na nyati huja kwa makundi makubwa kunywa maji. Anayeona hayo hutamani kuyaonyesha, na ni haki yake. Ila picha ina maneno yasiyoonekana. Simu nyingi huandika ndani ya picha nukta ya mahali na saa ilipopigwa. WhatsApp huondoa nukta hizo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama faili, ili isipoteze ubora, hufika nazo zote. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014 kwa sababu ya majangili wa pembe. Baada ya msiba huo, kutangaza kwamba dume mwenye pembe ndefu ameonekana leo asubuhi kwenye kona fulani ya mto si jambo la kujivunia tena.

Mtandao wa iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008, ambako watu wa dunia nzima hupakia picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, umelifanya hili kuwa kanuni: kiumbe aliye hatarini kutoweka huonyeshwa katika eneo la takriban kilomita 20 kwa 20, si katika nukta alipoonekana. Makundi ya nyumbani yaige. Sokwemtu wa misitu ya Ntakata na Tongwe, viota vya ndege wakubwa, tembo wenye pembe ndefu: vitajwe kwa wilaya au kwa jina la hifadhi, na picha zikae wiki kadhaa kabla ya kurushwa. Anayehitaji mahali kamili kwa ajili ya utafiti aulize faraghani na ajitambulishe ni nani. Na asiyekuwa porini asidai picha ni yake. Kuchukua picha ya mwingine, kukata jina lake pembeni na kuipakia upya ni wizi, hata kama hakuna aliyelipwa.

Watu nao wana mahali wasipopenda kuonyeshwa. Katika Mkoa wa Katavi yapo makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyopokea wakimbizi waliotoka Burundi kuanzia mwaka 1972, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na yale ya Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Mwanachama wa kundi la ndege au la bustani anayetoka Katumba amekuja kuzungumzia ndege na mboga. Kumuuliza "kwenu hasa ni wapi?" mbele ya watu mia nne ni ukatili, hata kama muulizaji hakuukusudia. Vivyo hivyo lafudhi ya Kisukuma, Kifipa au Kipimbwe inayosikika kwenye ujumbe wa sauti isifanywe kichekesho. Wapo watakaosema ni utani, na utani wa makabila kweli ni hazina ya nchi hii. Lakini utani huishi kati ya watu wanaojua wao ni watani, wanaoonana nyuso na kuzikana. Katika maandishi, mbele ya wageni, kicheko hakionekani na neno hubaki limesimama peke yake.

Bando la mwenzako ni fedha yake. Video ndefu ya kuchekesha iliyosambazwa mara elfu, katika kundi la wafuga nyuki, inamlia bando mtu wa Mwese au Majimoto ambaye labda ameweka akiba ya mtandao ili asome habari za siafu tu. Ujumbe wa sauti wa dakika saba ufupishwe. Matangazo ya biashara yawe na siku yake, na muuza asali aseme wazi kwamba anauza, badala ya kujifanya anashauri. Michango ya harusi na misiba ipelekwe kwenye makundi ya ndugu na majirani, isipokuwa aliyepatwa ni mwanachama na wenzake wakakubaliana kumshika mkono.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatoza faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezipa taarifa za mtu ulinzi wa kisheria. Hata pasipo sheria, kumuunganisha mtu kundini bila idhini si uungwana, kwani namba yake ya simu huonwa mara moja na mamia ya watu asiowajua. Aulizwe kwanza, au atumiwe kiungo aingie mwenyewe akitaka.

Kiongozi wa kundi, au admini kama wengi wanavyomwita, hubeba mzigo usio na mshahara. Aandike kanuni fupi na azifuate yeye kwanza. Amwonye mkosaji faraghani, kisha hadharani, na amtoe ikibidi bila kumsimanga, wala asimtoe mtu kwa sababu tu amepingana naye juu ya jina la ndege. Awe na wasaidizi wawili au watatu, angalau mmoja mwanamke, kwa kuwa wanawake wengi huhama makundi kimyakimya baada ya wanaume kuwafuata inboksi kwa maneno yasiyohusu nyuki wala samaki. Malalamiko hayo yapokelewe kwa uzito, na anayewasumbua atolewe siku hiyohiyo.

Kutoka kundini si kosa. Mapenzi hubadilika, kazi huzidi, na tangu mwaka 2022 WhatsApp huwaarifu viongozi tu mtu anapoondoka. Aliyekaa muda mrefu na kujulikana huaga kwa sentensi moja, hashutumu mtu akiwa mlangoni. Picha na rekodi alizozichangia haziombwi zifutwe kwa hasira, kwa sababu wengine wameshazijengea maarifa yao. Zilizohifadhiwa na wenzake zibaki na jina lake. Na kama yeye ndiye kiongozi, humwachia mwingine funguo za kundi na kanuni zake kabla ya kubonyeza kitufe cha kutoka.